Simu Yangu Inanirudishia Nyimbo Zilezile: Nishike Wapi?

"Ndugu mtaalamu, nina miaka 41. Nimekua na reggae na hip-hop. Kanda zangu nilizisikiliza mpaka utepe ukakatika. Siku hizi nina programu ya muziki kwenye simu, lakini kila nikiitaka iniletee kitu kipya inanirudishia Bob Marley, Burning Spear, Nas na 2Pac, au watu wanaofanana nao kama mapacha. Mpwa wangu ananisukumia muziki wa kielektroniki. Nausikiliza kwenye simu nikiosha vyombo, nasikia tak-tak-tak, wimbo siuoni. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda kwenye usiku mmoja wa ma-DJ. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, hasa kwa wimbo mmoja ambao niliitolea simu iutambue, ikashindwa mara tatu. Lakini nilirudi masikio yanavuma, na yakavuma siku mbili. Je, muziki mzuri umekwisha au ni mimi nimezeeka? Na nikitaka kuanza upya, mtandaoni na ukumbini, nishike wapi?"

Ndugu yangu, kwanza nikutoe wasiwasi: muziki haujaisha, na wewe hujazeeka kwa namna unayoogopa. Ushahidi umeuleta mwenyewe. Mtu ambaye masikio yake yamefungwa hatoi simu gizani mara tatu kutafuta jina la wimbo mmoja.

Ila umri una mkono wake hapa, tusidanganyane. Nyimbo tulizozisikia tangu kubalehe hadi miaka ya ishirini na kitu huganda kwenye kumbukumbu kuliko za kabla na za baada. Watafiti wa kumbukumbu wameliona hilo mara nyingi. Juu ya hapo, sikio hupenda kile linachokitambua. Zile kanda ulizisikiliza mara ngapi kabla hazijakatika? Mia? Mia mbili? Sasa unauchukua wimbo wa jana, unaupa sekunde 40 huku mikono iko kwenye povu, kisha unaulinganisha na ule wa mara ya mia mbili. Huo ni uonevu. Mimi nimejiwekea sheria: wimbo ulionigusa hata kidogo nausikiliza mara tatu, siku tatu tofauti, ndipo nahukumu. Nyingi huanguka. Zinazobaki, karibu zote ningezitupa siku ya kwanza.

Sasa programu yako, ambayo naona unailaumu kwa kosa lisilo lake. Watu hudhani ndani yake kuna kitu kinachoujua muziki. Kazi yake kubwa ni kuhesabu watu: wale waliosikiliza unachosikiliza wewe, walisikiliza na nini kingine? Hicho ndicho inakuletea, kisha inaangalia kama umekiruka au umekiacha kiishe. Jiulize, ni nani ambaye watu hawamruki? Bob Marley. Kwa mashine inayocheza kamari ya kutorukwa, yeye ndiye dau salama kuliko yote. Kijana aliyetoa wimbo wake wa kwanza juzi hana wasikilizaji, kwa hiyo hana jirani wa kulinganishwa naye, kwa hiyo haonekani. Baadhi ya programu hupima pia sauti yenyewe, kasi yake na vyombo vyake, na hilo husaidia kidogo. Lakini kila unapoacha wimbo wa zamani uishe, umepiga kura, na kesho unaletewa wengine wa jamii hiyo.

Sisemi uitupe. Orodha ya Discover Weekly ya Spotify, ambayo tangu 2015 inaleta nyimbo 30 kila Jumatatu, mimi huipitia, na nikipata moja au mbili nashukuru. Ukitaka ikuhudumie vizuri zaidi, zima ule utaratibu wa kuendeleza nyimbo zenyewe baada ya albamu kuisha. Tumia usikilizaji wa faragha unapowawekea watoto nyimbo zao au unapotafuta usingizi, ili isidhani hayo nayo ndiyo mapenzi yako. Na unapoitaka ikuletee nyimbo za kufanana, usiianzishe kwa wimbo mashuhuri. Ianzishe kwa ule usiojulikana sana kati ya unaoupenda. Majirani wa mtu maarufu ni maarufu wenzake.

Lakini tatizo lako kubwa liko kwingine. Unatafuta kwa jina la mwimbaji. Kwa muziki mwingi hilo linatosha. Kwa aina hizi tatu ulizozitaja, jina la mwimbaji mara nyingi ndilo mpini mfupi kuliko yote.

Chukua reggae. Jamaika mdundo wenyewe una jina na maisha yake. Wanauita riddim: besi na ngoma zilizotengenezwa mara moja, kisha waimbaji kumi au ishirini wanapanda juu yake, kila mmoja na wimbo wake. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy walitoa wimbo uliojengwa juu ya mdundo uliokuja tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio, MT-40. Riddim hiyo ikaitwa Sleng Teng, na tangu hapo nyimbo zilizoimbwa juu yake ni mamia. Sasa fanya hivi: chukua wimbo wa reggae unaoupenda kuliko yote, tafuta umekaa juu ya riddim gani, kisha liandike jina hilo pamoja na neno riddim kwenye kisanduku cha kutafutia. Utakutana na waimbaji ambao hujawahi kuwasikia, juu ya besi ambayo mwili wako unaijua tangu ujanani. Unaona inavyotatua lile la mara mia mbili? Nusu ya wimbo tayari umeizoea. Mgeni amekuja akiwa ameshikwa mkono na mwenyeji.

Kutoka kwenye riddim nenda kwa prodyuza, na kutoka kwa prodyuza nenda kwa kila aliyepita studioni kwake. Kwa kuanzia na walio karibu nasi kwa miaka, wasikilize Chronixx, Protoje na Lila Iké, uangalie majina ya waliowatengenezea. Na kama kuna anayekuambia reggae ilizikwa na wazee, Koffee alichukua Grammy ya albamu ya reggae mwaka 2020 akiwa na miaka 19, mwanamke wa kwanza kuipata akiwa msanii wa peke yake, na mdogo kuliko wote. Jambo dogo lisikuchanganye katika kusoma kwako: kwenye saundi sistemu za Jamaika, yaani vikundi vyenye spika kubwa vinavyopiga muziki kwenye sherehe, anayeitwa deejay ndiye anayeshika maiki na kughani, anayechagua na kupiga sahani ni selekta. Nimeona watu wakimtafuta mghani U-Roy kwenye orodha za wapiga sahani, wakarudi mikono mitupu.

Hip-hop nayo ina mpini wake: prodyuza, na vipande alivyovikata. Tangu ile sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 huko Bronx, ambapo DJ Kool Herc alikuwa akirudiarudia ile sehemu ya sahani ambapo vyombo vingine vinanyamaza na ngoma zinabaki peke yake, muziki huu umejengwa juu ya muziki mwingine. Kwa hiyo kila wimbo wa Nas unaoujua ni mlango wenye milango mingine nyuma yake. Ingia kwenye tovuti ya WhoSampled, andika jina la wimbo, utaona kipande kimetoka wapi na ni nani wengine wamekitumia. Safari hiyo inakwenda pande mbili: nyuma kwenye soul na jazz, mbele kwa warapa wa leo wanaokata kipande hichohicho.

Hapa nitakuonyesha kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu ndicho kitakachokuvusha kwenda kwenye muziki wa mpwa wako. Mwaka 1969 bendi ya Marekani iitwayo The Winstons ilirekodi wimbo wa ala tupu, "Amen, Brother". Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde zisizofika 10. Sekunde hizo zikakatwa na watu wa hip-hop. Utazisikia kwenye "Straight Outta Compton" ya N.W.A ya 1988, zikiwa zimepunguzwa kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa London wakazichukua zilezile, wakaziongeza kasi, wakazikatakata kama vitunguu, chini yake wakaweka besi nzito yenye asili ya Jamaika. Huo ukaitwa jungle, na mtoto wake ni drum and bass. Sikiliza zote tatu mfululizo, ule wa 1969, ule wa 1988, kisha jungle yoyote ya 1994. Ngoma ni za mtu mmoja. Ukizisikia hivyo, lile "tak-tak-tak" linaanza kuwa na sura.

Na si ajabu, maana hizi ni koo zilizooana zamani. Herc mwenyewe alizaliwa Kingston, na fikra ya spika kubwa na mtu wa maiki aliikuta huko kabla ya kuhamia New York. Tusizidishe, lakini: house na techno, aina nyingine mbili za muziki wa kielektroniki, zina mzazi mwingine. House ililelewa Chicago kwenye disko, ukumbini Warehouse alikopiga Frankie Knuckles, na techno ya Detroit ilinyonya sana kwa Wajerumani wa Kraftwerk. Ukiona house haikushiki kama jungle, hujakosea; umefika kwa ukoo ambao hukulelewa nao. Nenda taratibu.

Kwenye muziki wa kielektroniki, mpini ni lebo, yaani kampuni inayotoa sahani, na miksi, yaani nyimbo nyingi ambazo DJ ameziunganisha mfululizo. Wasanii wake wengi hutumia majina matatu manne na hutoa vitu vidogovidogo, hivyo kumfuata mmoja ni kufukuza kivuli. Lebo ndogo ni sikio la mtu mmoja au wawili. Ukipenda vitu vitatu vya Hyperdub, lebo ya DJ Kode9, kuna uwezekano mkubwa wa kupenda cha nne hata kama mwenye jina humjui. Vivyo hivyo Warp, iliyoanza Sheffield mwaka 1989, au Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo ndiyo iliyoipeleka singeli kwenye masikio ya mbali. Lebo ikikua sana sikio hilo hupotea. Ukiona matoleo matatu mfululizo hayakugusi, ondoka bila kinyongo.

Miksi ndiyo darasa lenyewe. Redio za mtandaoni kama NTS ya London, iliyoanza 2011, huhifadhi vipindi vya zamani pamoja na orodha ya nyimbo zilizopigwa. Ungeniambia una saa moja tu kwa wiki, ningekwambia iweke hapo: chagua mtangazaji mmoja, mfuate mwezi mzima, andika majina ya nyimbo mbili kila kipindi. Mtu aliyechagua kwa mkono atakuletea wimbo mbaya mara kwa mara, na hilo ndilo linalomtofautisha na mashine, kwamba anathubutu. Yake mabaya ni kwamba huwezi kumwambia "zaidi kama hiki", unakula alichopika.

Mahali pengine ninapopapenda ni Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao. Ukifungua albamu yoyote hapo utaona picha ndogondogo za watu walioinunua. Bonyeza picha mojawapo: unafunguliwa mkusanyiko wake wote. Mtu aliyenunua dub isiyojulikana unayoipenda (dub ni reggae iliyoondolewa sauti nyingi za waimbaji, ikabaki besi, ngoma na mwangwi), ana albamu 600 nyingine pale, na alizilipia, hakuzisikiliza kwa bahati mbaya akiwa usingizini. Mimi nina watu wawili wa namna hiyo ninaowapitia kila mwezi. Hawanijui na sijawahi kuwaandikia. Tena sehemu kubwa ya fedha inamfikia msanii. Discogs nayo, iliyoanza mwaka 2000 kama daftari la muziki wa kielektroniki, ni nzuri kwa kujua nani alifanya nini kwenye sahani gani, ila ni bahari. Ingia ukiwa na swali moja, utoke ukilipata, la sivyo kutakucha.

Sasa lile la simu jikoni. Hapa, ndugu yangu, hukuusikia muziki wa mpwa wako. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa mtetemo wa takriban hertz 41, na besi za kompyuta hufika huko na chini zaidi. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa kwa mtetemo wa chini hivyo. Kwenye reggae ya zamani akili yako inakuokoa: gitaa la besi lina mitetemo ya juu inayoandamana na ile ya chini, simu inazitoa hizo, na ubongo unajaza pengo. Besi ya dubstep, mojawapo ya aina za muziki wa kielektroniki, mara nyingi ni sauti tupu isiyo na waandamanaji. Kwenye simu haipungui, inapotea kabisa, na unabaki na tak-tak ya juu. Ni kama kuhukumu hadithi kwa kusoma alama za nukta.

Nami niliwahi kuanguka humo. Nilikuwa na sahani ya dub niliyoiweka kando kwa miaka nikidhani ilichapishwa vibaya, maana katikati palikuwa na ukimya mrefu wenye mwangwi kidogo. Siku niliyoisikia kwenye spika za maana nikagundua kuwa ule ukimya ndio uliokuwa wimbo. Besi yote ilikuwa imekaa humo. Hedifoni zinazofunika sikio, hata za kawaida tu, zitakufaa. Kisha keti nazo mara moja bila vyombo. Usitafute kiitikio. Chagua sauti moja, tuseme ule msasa mwembamba wa matoazi, uifuate dakika tano uone inapoingia, inapofunguka, inapoondolewa. Muziki huu husimulia kwa kuongeza na kupunguza, na mara nyingi badiliko huja baada ya hesabu 16 au 32, wakati ambapo mtu aliyezoea beti na kiitikio ameshakata tamaa.

Ukumbini, nenda mapema. DJ wa kwanza hupiga kwa watu wachache, hana haja ya nyimbo za kuwarusha, na hapo ndipo vitu vya ajabu hutoka. Simama karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa sababu anapanga sauti kwa masikio yake pale aliposimama; kwenye kona na kando ya kuta besi hujilundika na kuvuruga kila kitu. Usijali kutomjua mtu. Gizani kila mtu ameelekea kwenye spika.

Kuhusu masikio yako, hapa naacha utani. Mvumo ule ni malalamiko ya seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio, na zikifa hazioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango cha kawaida ukumbini, zinabaki dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, vinavyopunguza sauti sawasawa. Vya sponji hulinda pia, ila hula zaidi sauti za juu na kukuachia uji. Toka nje kila baada ya muda upumzishe sikio. Ulikaa na mvumo siku mbili, hivyo nakushauri ukapimwe usikivu kabla ya kwenda tena, hata kama sasa mvumo umetulia. Mvumo ukirudi, ukawa wa sikio moja, ukawa unapiga pamoja na mapigo ya moyo au ukaja na kizunguzungu, muone daktari wa masikio bila kuchelewa. Na sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Nenda siku hiyohiyo, maana tiba yake hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Hayo hakuna DJ wala mwandishi wa safu anayeweza kukutazamia.

Umebaki wimbo wako. Programu kama Shazam huchora alama za kilele za sauti inayosikia, kisha hulinganisha na rekodi zilizomo kwenye ghala lake. Hushindwa DJ anapokuwa amebadilisha kasi kupita kiasi, anapopiga nyimbo mbili kwa pamoja, au rekodi inapokuwa haimo ghalani kabisa. Mara tatu kushindwa kunanifanya nihisi hilo la mwisho: huenda ilikuwa dabpleti, wimbo ambao haujatolewa. Desturi hiyo nayo imetoka kwenye saundi sistemu za Jamaika, ambako sahani laini ilikatwa kwa ajili ya selekta mmoja tu, ikapigwa mpaka ikaisha.

Safari nyingine rekodi sekunde 20 za sauti, andika saa, jina la aliyekuwa akipiga, na wimbo wowote unaoutambua kabla au baada yake. Usimguse bega akiwa amebana hedifoni sikio moja. Wakati huo anatayarisha wimbo unaofuata. Mwandikie kesho yake, kwa kifupi: ulipiga saa fulani, baada ya wimbo fulani, ngoma zilikuwa hivi, ni nini kile? Wengi hujibu, kwa sababu ni swali zuri kuliko yote wanayoulizwa. Kama ni dabpleti atakuambia hivyo, na utakuwa na kitu cha kusubiri. Mimi nina mmoja wa namna hiyo, mwaka wa nne sasa. Nina sekunde 20 zake kwenye simu, na nusu ya hizo ni mtu aliyesimama karibu nami akipiga mluzi.